Futa Marudio

Mwezi wa tatu, Jinja. Umeme umekatika mara mbili,
na juu ya paa la kiwanda korongo wamesimama
kama wakaguzi ambao hawajaambiwa waketi.
Mezani: mafaili ya mfuko wa uzeeni wa wafanyakazi wa nguo,
chai iliyopoa, kikokotoo kisicho na kitufe cha saba,
na barua ya Mamlaka: ripoti ya mwaka ifike kabla ya mwezi kwisha.
Ikichelewa, faini. Ikidanganya, zaidi ya faini.

Harusini watu huniuliza nafanya kazi gani.
Nikijibu, "Nasimamia uzingatiaji wa kanuni za hifadhi,"
macho yao hurudi kwenye matoke.
Siku hizi nasema: nauhesabu uzee wa watu kabla haujabisha hodi.
Wanacheka. Mimi sicheki sana.

Jumla ya michango imelingana na benki, shilingi kwa shilingi.
Bwana Okurut ametia tiki ya kijani, amevaa koti.
Ila kitu kimoja kinanikwaruza, kama mchanga kwenye karanga:
orodha ya mishahara inakata watu mia nne kumi na watatu;
rejista ya wanachama inao mia nne kumi na wawili.
Kuna mtu analipa na hayupo.

"Jumla iko sawa, Nangobi. Peleka."
Jumla, ndiyo. Haba na haba imejaza kibaba.
Lakini kibaba cha nani?

Nikashuka mstari kwa mstari, rula chini ya majina,
hadi Balikowa, Waiswa: fundi wa mashine za kusokota,
akiba yake imenenepa mara mbili ya wenzake.
Mwaka ule tulipohamisha vitabu kuingia kwenye kompyuta
mashine ilikuta watu wawili wenye siku moja ya kuzaliwa,
baba mmoja, kijiji kimoja, mrithi mmoja: mama yao.
Ikauliza kwa adabu: Futa marudio?
Mtu akabonyeza Ndiyo.
Mfumo hausahau. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika nne jioni.
Jina la mtumiaji: langu.

Mimi, Msoga, binti wa Nakato,
sikujiuliza ni Waiswa gani huzaliwa peke yake.

Nikawaita. Wakaja na mashati ya kazi, pamba nyweleni,
mmoja hana ncha ya kidole cha shahada.
"Kodheyo," wakasema kwa pamoja.
Nikamwuliza Waiswa kama aliwahi kusoma taarifa zake za mwaka.
"Nilisoma. Nikamwambia ndugu yangu, yako iko kwangu."
"Miaka sita?"
"Tungekuja kwa nani, mama? Getini wanauliza namba ya uanachama.
Yeye hana."
Tenywa alikuwa anatazama feni isiyozunguka.
Anastaafu Juni.

Usiku ule nikawaza nyumba mbili za Walukuba,
wajane wawili na hundi moja.

Sehemu ya tisa ya fomu: Ukiukaji uliobainika.
Miaka yote tumeandika "Hakuna", neno jepesi, halina jasho.
Bwana Okurut akavua koti, akakaa.
"Wadhamini hawatapenda."
"Hawatapenda," nikasema, nikaandika:
mwanachama mmoja alifutwa akiwa hai, akiwa kazini,
akikatwa kila mwezi.
Penye "aliyehusika" nikaweka jina langu kamili, kwa herufi kubwa.

Sijui Mamlaka itajibu nini.
Faida ya miaka sita nimeipiga upya,
kila penye saba nikirudi kwenye kalamu,
na leo asubuhi nimechomeka mstari chini ya Waiswa.
Kwetu Tenywa huja wa pili. Lakini huja.

Aliinama juu ya karatasi, kile kidole kifupi kikitafuta nafasi.
"Nasaini wapi?"
"Hapa."
Akaandika polepole mno, herufi moja kisha pumzi,
mpaka mlinzi akaja kutuambia saa ya kufunga imepita.